Mtu wa kutusemea

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp kuna ndugu aliuliza. Jiko lake limeungua na moto umekula nusu ya dari, na yeye anataka kujua: "Jamani, ni kweli huku Marekani kuna watu unawalipa wakusemee kwa kampuni ya bima? Au ni matapeli?" Sijamaliza hata kusoma, tayari nimetajwa. "Muulizeni Baba Imani, yeye ana mzee wake." Mama Imani alikuwa anachungulia simu yangu begani. Akacheka kile kicheko chake. "Waambie na bei," akasema.

Haya, na bei nitaitaja.

Ilikuwa ile baridi ya Februari 2021. Mliokuwa Texas hamhitaji kukumbushwa. Umeme ulianza kukatwa usiku wa kuamkia tarehe 15, na tarehe 16 huku kwetu upande wa Dallas baridi ikafika nyuzi 19 chini ya sifuri, kitu ambacho hakikuonekana hapa tangu 1949. Nyumba za huku zimejengwa kwa kuogopa joto. Mabomba ya maji yanapita darini, yamefunikwa kiasi tu. Na bomba likiganda hulijui. Utalijua siku barafu inapoyeyuka. Letu lilipasuka juu ya korido tukiwa tunakula, jipsamu ikashuka nzima nzima pamoja na yale manyoya ya waridi ya kuzuia baridi, na mpaka nifukue theluji kando ya barabara niifikie koki ya nje, maji yalikuwa yameshapita kwenye korido, chumba cha Imani, na jikoni.

Mafuriko yanayoingia kutoka nje yana bima yake ya peke yake, lakini bomba lililopasuka ndani linalipwa na bima ya kawaida ya nyumba. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kampuni haikutuma mtu, maana ilikuwa bado enzi ya korona na nusu ya Texas ilikuwa inadai siku hiyohiyo. Walinipigia kwa video, nikazunguka nyumba na simu huku sauti ya dada mmoja ikinielekeza: inua juu, sogea kushoto, hapohapo, asante. Ikaja hundi ya dola 4,860, ikiwa imeshatolewa uchakavu, yaani thamani iliyopungua kwa vitu kuzeeka, na imeshatolewa ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye nyumba hujibebea mwenyewe. Dari ya korido, zulia la chumba kimoja, rangi. Jikoni hakuna kitu. Nikaandika barua pepe kwamba maji yameingia chini ya makabati na kuna harufu. Wakajibu kwamba wameipokea.

Katikati hapo aligonga mlango kijana mmoja fundi wa mapaa, ana makaratasi yake tayari: nitie saini, mambo ya bima atayamaliza yeye, na ile sehemu yetu ya kwanza ataimeza yeye. Nusura nimkaribishe chai. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenivuta pembeni kazini akaniambia vyote viwili Texas ni kosa: fundi haruhusiwi kujadili madai ya nyumba anayotaka kuitengeneza yeye mwenyewe, na kumsamehe mtu sehemu yake kumepigwa marufuku na sheria. Akanipa namba ya mzee mmoja wa kusemea watu kwa kampuni za bima.

Huku wanawaita ajasta. Yuko ajasta wa kampuni, analipwa na kampuni. Na yuko huyu mwingine unayemkodi wewe, anakuja kukagua upya, anaandika makadirio yake, anakwenda kuyapigania. Sheria ya Texas inamruhusu kuchukua mpaka asilimia 10 ya malipo, asizidishe, na ukishatia saini una saa 72 za kubadili mawazo. Nilitafuta leseni yake kwenye tovuti ya Idara ya Bima ya Texas nikaiona. Mama Imani, ambaye kabla ya Marekani aliuza vitenge Kariakoo, hakushtushwa na leseni.

"Asilimia kumi ya nini?" akauliza. "Na hizi walizokwisha kutupa bila yeye zimo? Hata mshenga halipwi kwa mahari iliyokwisha kupokelewa."

Nikatafsiri, nikaacha ya mshenga. Mzee akatabasamu, akachukua kalamu, akaandika pembeni ya mkataba kwamba atachukua kwenye kitakachoongezeka tu. Ndiyo bei.

Sasa ile asubuhi ya jikoni.

Alifika kabla ya mtu wa kampuni. Mzee wa Kitexas, mrefu, mgongo umeanza kupinda, tochi kichwani. Nilikuwa nimepanga mezani faili langu lote: picha, risiti, barua pepe nilizochapisha. Akazipitia moja moja kwa heshima, akanirudishia.

"Leo nakuomba usiseme kitu," akaniambia. "Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, kunywa chai."

Ajasta wa kampuni safari hii alikuja kwa miguu yake, kijana aliyetoka jimbo jingine. Maafa yakiwa makubwa Texas hutoa leseni za dharura kwa watu wa nje. Wakapeana mikono na mzee, wakaanza kuulizana, na ghafla wote wawili wanacheka. Kumbe mwaka 2017 walikuwa Houston pamoja baada ya kimbunga Harvey, na mzee wetu wakati huo alikuwa anafanya kazi upande wa makampuni.

Mama Imani akaweka sahani ya maandazi mezani, akaninong'oneza, "Hawa wanajuana. Tumeliwa."

Korido wakaimaliza wakiwa wamesimama. Chumba cha Imani vilevile. Jikoni mzee akashuka chini: goti moja, la pili, mkono, halafu tumbo zima juu ya vigae, suruali yake ya kazi na yote. Akatoa kipima unyevu, kile chenye sindano mbili, akakichoma kwenye kibao cha chini ya kabati, pale vidole vya miguu vinapoingia ukisimama kuosha vyombo. Kikapiga kelele. Akasogea shubiri moja, kikapiga kelele. Akasogea tena. Alikwenda hivyo kwa tumbo kutoka kwenye sinki mpaka karibu na jiko, mimi nimeshika kikombe, kijana amesimama na kishikwambi chake, na hicho kidude kinalia kila mahali. Alipokichoma kwenye ukuta wa upande wa pili kikanyamaza. Akamtazama kijana bila kusema kitu.

"Naruhusiwa?" akaniuliza mimi, ameshika kipande cha chuma bapa.

"Ndiyo," nikasema. Hilo ndilo neno langu la asubuhi ile.

Miaka yote niliyokaa kwenye nyumba ile sikujua kibao kile kinatoka. Kilitoka bila ubishi, maana ilikuwa ni ile mbao ya pumba na gundi, imevimba na kulainika. Harufu ikaja kwanza. Kisha tochi ikaonyesha madoa meusi yaliyopanda nyuma ya makabati, kifungo cha shati, penseli ya rangi ya Imani, na harage. Harage moja la Mama Imani, lililomponyoka siku anachambua, nalo lilikuwa limechipua. Kimche cheupe, kirefu, kimelala gizani kikitafuta pa kwenda.

"Hiyo nayo ipige picha," mzee akamwambia kijana. Akaipiga.

Halafu, bado amelala pale chini, akaanza kutaja. Makabati ya chini ni mstari mmoja, huwezi kung'oa hili ukaacha lile. Ukiyang'oa, graniti ya juu lazima inyanyuliwe. Graniti ikinyanyuliwa, vigae vya ukutani vinavyoikalia vinavunjika. Sinki lichomolewe, sinki lirudishwe. Mashine ya vyombo ichomolewe; irudishwe. Jiko vivyo hivyo. Kila alichotaja, kijana alikiandika. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa pesa, na pesa haikutajwa hata mara moja. Baadaye mzee alinieleza kwamba wote wanatumia programu ileile, Xactimate, ambayo bei zake zinakwenda kwa eneo na kwa mwezi. Wanachogombea ni orodha. Kisichoandikwa hakina bei. Kwenye orodha yangu ya kwanza, jikoni petu hapakuwepo kabisa.

"Maji yaliingia chini ya makabati," mzee akamalizia.

Ilikuwa sentensi yangu. Imo kwenye barua pepe yangu, mstari wa tatu, na barua yenyewe ilikuwa pale mezani, imekaliwa na sahani ya maandazi. Nikafungua mdomo. Mzee, bila hata kugeuka, akainua kidole. Nikanywa chai.

"Sawa," kijana akasema, akaandika.

Mama Imani alinitazama kutoka upande wa friji, na lile tazamo sijalimaliza mpaka leo.

Nilimsindikiza kijana mpaka kwenye gari. Alikuwa amebeba maandazi mawili kwenye karatasi. Kabla hajafungua mlango akaniambia, kwa sauti ya chini kidogo, "Barua yako ilikuwemo kwenye faili. Niliisoma. Ila haikuwa na picha."

Nikamwambia siku ile ya video hakuna aliyeniambia nilale chini.

"Yule hakuwa mimi," akasema, bila ubaya. Akaondoka.

Yaliyobaki ni makaratasi. Mzee na kampuni wakaandikiana, wakakatana hapa na pale, ikaongezeka dola 27,400. Asilimia yake 2,740. Hundi iliandikwa majina matatu, langu, la mke wangu, na la benki inayotudai nyumba, na benki ikaishika ikawa inatupimia kidogo kidogo, kila hatua wanatuma mtu kuangalia kama kweli tunajenga. Pesa ya uchakavu haikurudi mpaka kazi iishe na risiti zionekane. Ankara ya mzee haikungoja yote hayo. Kwa hiyo sakafu ya korido tuliiweka wenyewe na shemeji, na pale mlangoni pa bafu kuna ubao unaoinuka ukiukanyaga vibaya. Mama Imani akitaka kunikumbusha jambo huukanyaga makusudi.

Mimi humwambia kwamba mzee tulimlipia kujua kwamba kile kibao kinatoka, na kujua kwamba sinki linaandikwa mara mbili. Yeye husema tulimlipia mdomo: sentensi ileile, nchi yake, lafudhi yake, na mzee amelala chini huku mimi nimesimama na faili. Nikimtajia aliyoyasema kijana kuhusu picha, huniuliza kwa nini basi, wakati wanaijibu barua yangu, hawakuiomba hiyo picha. Hapo huwa nakumbuka kuna kitu natakiwa kwenda kukiangalia gereji.