Sensa nzima, waya mbovu: nilivyoifuatilia taa ya injini

Gari langu ni steshenwagoni la Kijapani la cc 1500. Nalipakia mayai Kinoo na kuyasambaza kwenye maduka ya Kangemi, Ngara na Kariobangi. Julai, baridi ilipokolea, lilianza vituko. Alfajiri stata inazunguka weee, injini inashika kwa shida, inatetemeka kisha inazima. Likishapata moto, linawaka kwa kugusa tu. Feni ya redieta nayo inanguruma pale pale ninapofungua swichi, injini ikiwa bado baridi, na haipumziki hadi nizime.

Kabla ya hapo, petroli ilikuwa inaisha upesi na mdomo wa ekzosi umejaa masizi meusi, lakini taa ya injini ilikuwa haijawaka. Nilishuku kwamba mambo haya yote ni ya chungu kimoja.

Taa ilipowaka nilikwenda kwa fundi mmoja Kirinyaga Road, kule ambako wazee bado wanakuita Grogan. Akachomeka mashine yake, ikatoa msimbo wa hitilafu, P0118. "Mama, kompyuta imesema sensa ya joto la maji. Sisi ni nani tubishe?" Sensa hiyo ni kidude kinachoiambia kompyuta ya injini joto la maji ya kupozea. Akafunga ya mtumba iliyotoka Japani, akafuta msimbo, akanirudishia ile ya zamani ikiwa imefungwa kwa gazeti. Nilipita Museum Hill salama, Westlands salama. Kufika Kangemi, gari likaruka tuta, taa hiyo ikawaka tena.

Nilipompigia simu alisema nilete gari afunge mpya kabisa ya dukani, maana za mtumba "ni bahati na sibu". Nikamwomba angoje kwanza. Sensa mbili zisife kwa namna moja, tena moja ife juu ya tuta.

Msimbo P0118 hausemi kwamba sensa imekufa. Unasema kompyuta inaona volti ya juu kupita kiasi kwenye waya ya sensa hiyo. Sensa yenyewe ina waya mbili tu. Kompyuta inapeleka volti 5 kwa kupitia kizuizi cha umeme (rezista) kilicho ndani yake, waya moja inafika kwenye sensa na nyingine inarudi kwenye ethi, yaani upande wa hasi, ya kompyuta. Sensa ikiwa baridi, ukinzani wake, yaani inavyouzuia umeme, ni mkubwa na volti inabaki juu. Ikipata moto, ukinzani unashuka na volti inashuka nayo. Waya ikikatika popote, volti inabaki 5 na kompyuta inasoma kwamba injini iko kwenye digrii 40 chini ya sifuri. Waya mbili zikigusana, volti inakuwa sifuri na kompyuta inaona digrii 140 au zaidi, na hapo msimbo ungekuwa P0117.

Kinoo ya Julai ina baridi, lakini si ya digrii 40 chini ya sifuri, na kompyuta nayo inajua hivyo. Ikiona namba hiyo inaacha kuisikiliza sensa, inajichukulia kwamba injini iko kwenye digrii 80 hivi, na inawasha feni kwa tahadhari. Ndiyo maana asubuhi injini baridi ilikuwa inapewa petroli kidogo ya injini yenye moto, ikakataa kushika.

Nina kile kidude cha bei nafuu kinachochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu kwa bluetooth. Nilifungua swichi bila kuwasha injini: joto la hewa inayoingia, digrii 16; joto la maji, 40 chini ya sifuri. Nikatikisa waya kwa mkono, joto la maji likaruka hadi 31, likarudi. Sensa haitibiwi kwa kutikiswa waya.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu kwa macho. Kijana wa jirani anayetengeneza simu aliniazima multimita, kile kipima umeme, nikaipeleka ile sensa ya zamani jikoni. Ukiijaribu, itumbukize ncha ya shaba tu, vichwa vya umeme vibaki juu ya maji. Kwenye maji ya bomba yaliyokuwa karibu digrii 20 ilisoma ukinzani wa omu 2,400. Sufuria ilipotokota ilishuka taratibu, bila kuruka, hadi 220 hivi. Huku kwetu maji hayangoji digrii 100. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo yanachemka kwenye 94 au hapo karibu. Kwa injini nyingi za Kijapani unatarajia omu 2,000 hadi 3,000 kwenye digrii 20, na karibu 300 kwenye digrii 80. Sensa niliyokuwa nimeambiwa niitupe ilikuwa nzima.

Yule kijana akaja mwenyewe kuangalia, nadhani kwa kuhofia multimita yake. Tukachomoa soketi ya sensa, swichi ikiwa imefunguliwa, akapima kati ya matundu mawili ya soketi. Volti 5 kamili.

"Anti, moto uko, na ethi iko. Waya ni nzima."

Kipimo hiki kinadanganya watu wengi. Multimita haivuti umeme wa maana. Ni kama bomba la ploti lililoziba kwa ndani: ukifunga koki na kupima presha, presha ipo, fungua koki ujaze ndoo ndipo utaona inatoka matone. Waya iliyoshikwa na unyuzi mmoja bado itaonyesha volti 5 soketi ikiwa imechomolewa. Inabidi uipe kazi.

Kwa hiyo nilichukua kipande cha waya nikaunganisha matundu mawili ya soketi, macho yakiwa kwenye simu. Kama njia yote ingekuwa sawa, joto lingepanda hadi 140. Badala yake lilichezacheza: 20, 28, kisha 40 chini ya sifuri. Sensa haikuwa hata imechomekwa, na hitilafu bado ipo. Hapo kesi ya sensa ikafungwa.

Nikahamisha ncha moja: kutoka tundu la waya inayoleta volti 5 moja kwa moja hadi hasi ya betri. Simu ikaruka hadi 140 na kutulia. (Usijaribu kuunganisha tundu hilo na chanya ya betri, utachoma kompyuta.) Maana yake ni kwamba waya ya kuleta ni nzima na kompyuta inasoma vizuri. Ubaya ulikuwa kwenye waya ya kurudi.

Mchoro wa waya ulitusaidia zaidi. Kwenye gari hili, sensa ya joto la maji, ya joto la hewa na ile inayosoma mfunguko wa valvu ya hewa zinarudi kwenye kompyuta kwa ethi moja. Kama ethi hiyo ingekatika karibu na kompyuta, zote tatu zingelalamika. Ya hewa ilikuwa inasoma 16 bila kuyumba. Basi ubovu uko kati ya pale zinapokutana na soketi yenyewe, urefu usiofika hata mkono wangu.

Kabla ya kukata chochote nilirudisha soketi, nikapenyeza pini ya kushonea kwa nyuma ya waya ya ethi bila kuchubua mpira wake, nikapima hadi hasi ya betri. Waya nzima inakuwa karibu na sifuri. Hii ilisoma zaidi ya volti 1, na ilipanda kila nilipoigusa.

Tukafungua utepe mweusi uliozungushiwa waya. Chini kidogo ya pale thamostati ilipofungwa kulikuwa na kiungo cha zamani: mtu aliwahi kukata waya, akazisokota kwa vidole, akafunika kwa selotepu ya umeme na kuendelea na maisha. Maji ya redieta yalikuwa yamedondokea hapo kwa muda. Selotepu ilikuwa inanata kama ute, na ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nilipoivuta kidogo, unyuzi wa mwisho ukaachia mkononi mwangu.

Kiungo hicho ndicho kilichokuwa kinakunywa petroli yangu kabla taa haijawaka. Kikiongeza, tuseme, omu 2,000 juu ya zile 300 za injini yenye moto, kompyuta inaona 2,300 na kuamini injini iko kwenye digrii 20 na kitu. Inaendelea kumwaga petroli nyingi ya asubuhi siku nzima. Digrii 20 ni joto la kawaida, kwa hiyo haikuona sababu ya kuwasha taa.

Ukarabati wenyewe haukuwa na makuu. Nilitoa betri, nikakata hadi shaba inayong'aa, nikaunga kipande kipya cha unene ule ule kwa solda, nikavisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Waya na mpira nilivipata Luthuli Avenue kwa bei ya soda chache. Nilibadilisha pia mpira uliokuwa unadondosha maji, la sivyo ningekuwa nimejenga juu ya tope.

Alfajiri iliyofuata, kabla ya kuwasha, maji yalisoma 15 na hewa 15. Injini iliyolala usiku kucha inatakiwa kuonyesha namba mbili zinazokaribiana hivyo. Ilishika mara moja, feni kimya, joto likapanda bila kuruka na kutulia kwenye themanini na kitu. Kwenye foleni ya Museum Hill lilifika katikati ya tisini, feni ikawaka, ikashusha, ikazima.

Fundi wa Kirinyaga Road nilimpelekea picha ya ule unga wa kijani. Akajibu, "Mama, basi njoo tufungue gereji pamoja." Sensa yake ya mtumba imebaki kwenye injini, na ile ya zamani iko kwenye kabati la mbele la gari, bado ndani ya gazeti.

Tulipokuwa tumefungua utepe, yule kijana aliona kiungo kingine cha selotepu kwenye waya ya sensa ya oksijeni. Hakijaleta neno, lakini Jumapili nikitoka kanisani nitakifungua.