Nilivyoondoa lipu ya saruji katika nyumba ya karne ya 17 mjini Richelieu

Kadinali Richelieu alipoanza kujenga mji wenye jina lake mwaka 1631, katika eneo la Touraine nchini Ufaransa, ramani aliikabidhi kwa msanifu Jacques Lemercier: mstatili wa mita 700 kwa 500 hivi, uliozungukwa na ukuta na handaki, wenye barabara kuu iliyonyooka na nyumba 28 za fahari zilizojengwa kwa sura moja. Kasri la kadinali lilibomolewa katika karne ya 19 na mawe yake yakauzwa, lakini mji umesalia, na ghorofa ya chini ya mojawapo ya nyumba hizo ndiyo makazi yetu.

Mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameupiga ukuta wa sebule lipu ya saruji ili kuuficha unyevu. Ukiigonga lipu hiyo ililia kama debe tupu, na karibu na sakafu ilikuwa imefura na kutoa chumvi nyeupe. Nyumba hizi zimejengwa kwa tuffeau, jiwe laini la rangi ya maziwa ambalo karibu nusu yake ni vitundu, hivyo hufyonza maji ya ardhini kwa urahisi na lazima liyatoe kupitia uso wake. Saruji ilipoziba njia hiyo, maji yalipanda juu zaidi, na chumvi ikaganda ndani ya jiwe na kulibambua kwa matabaka. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na kuta za matumbawe tulizokulia hupigwa lipu ya chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka, kwa hiyo dawa yake sikuhitaji kuitafuta mbali.

Saruji niliibandua kwa nyundo ndogo na patasi niliyoilaza, kwa kuwa mashine ya umeme ingeondoka na jiwe lenyewe. Ukuta uliachwa wazi tangu mwanzo wa masika hadi mwisho wa kiangazi, nami nikawa naifagia chumvi kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Mashimo niliyaziba kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa jiwe lilelile. Kisha nililowesha ukuta na kupiga lipu ya chokaa na mchanga kwa matabaka membamba, nikiyafunika kwa magunia mabichi, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kaboni dioksidi hewani na ikikauka upesi hupasuka. Ilibidi kazi iishe kabla ya baridi ya kugandisha, ambayo huiharibu chokaa changa.

Upande wa barabarani mawe yalikuwa yameunganishwa kwa saruji pia, lakini huko huwezi kugusa kitu bila kibali cha ofisi ya mji na maoni ya msanifu wa serikali anayesimamia majengo ya urithi. Nilipeleka picha pamoja na kipande cha chokaa kilichokauka ili rangi ionekane. Masharti hayo wengi huyalalamikia. Mimi nayaona ya haki, kwa kuwa mtaa uliopangwa ufanane huharibiwa na nyumba moja tu. Ndani, ukuta bado hupata ubichi kidogo msimu wa mvua, ila hukauka wenyewe, na kabati tumeliweka mbali nao.