Umekatwa SHA, lakini je, pesa zimefika?

Kila mwezi mfanyakazi wa Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwenda SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, chini ya SHA, mamlaka ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024. Kukatwa ni jambo moja, pesa kufika ni jingine, na hospitali huangalia hilo la pili tu.

Asilimia hiyo hupigwa kwenye mshahara wote kabla ya makato, marupurupu ya nyumba yakiwemo. Anayelipwa shilingi 30,000 hukatwa 825, chini kidogo ya zile 900 za NHIF. Wa 100,000 hukatwa 2,750, ilhali zamani hakuna aliyevuka 1,700. Kiwango cha chini ni 300, cha juu hakipo. Mwajiri halazimiki kuongeza chochote, tofauti na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na mume na mke wakiwa wameajiriwa kila mmoja hukatwa kivyake. Kwa familia yenye mishahara miwili midogo, huo ni mzigo mzito. Afueni ni kwamba tangu tarehe 27 Desemba 2024 mchango huu huondolewa kwenye mapato kabla ya PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kukokotolewa. Hati yako ya malipo isipoonyesha hivyo, uliza.

Mwajiri anatakiwa kuwasilisha mchango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kampuni ikibanwa, hulipa mishahara kwanza na makato yakasubiri. Mfanyakazi hajui lolote mpaka mtoto alazwe na dirisha la malipo limwambie hana bima. Kwa hiyo katikati ya mwezi piga *147# au fungua akaunti yako ya Afya Yangu, mtandao wa SHA, uangalie. Mwezi ukikosekana, iandikie idara ya wafanyakazi ya kampuni yako, usiishie kuuliza kwa mdomo. Taja miezi, ambatisha hati za malipo, na uombe uthibitisho kwamba pesa zimewasilishwa. Mara nyingine kosa ni dogo: tarakimu moja ya kitambulisho imekosewa kwenye orodha, pesa zimelipwa ila hazijaingia kwa jina lako.

Wategemezi nao hawaingii wenyewe. Waliokuwa NHIF walitakiwa kujisajili upya, na wapo wanaochangia kila mwezi huku watoto wao hawamo. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto sasa, kwa sababu kukihangaikia usiku wa dharura ni mateso.

Baadhi ya waajiri huongeza bima ya kampuni binafsi. Hapo usivutiwe na kile kikomo kikubwa cha kulazwa. Soma kama kikomo ni cha kila mtu au cha familia nzima, maana M+3 (mwanachama na wategemezi watatu) yenye kikomo cha pamoja huweza kumalizwa na mgonjwa mmoja. Soma kiwango cha uzazi na muda wa kusubiri kabla hakijaanza kutumika. SHIF hulipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na bili za hospitali nyingi za binafsi huvuka hapo. Kisha tafuta kifungu ambacho wengi hukiruka: bima nyingi hizi hulipa kinachobaki baada ya SHA kutoa sehemu yake. Mwajiri asipowasilisha mchango, sehemu hiyo unaitoa wewe mfukoni, hata kama kadi ya bima binafsi ni hai. Ndiyo maana nasisitiza kuangalia SHA kwanza.

Ukiacha kazi, michango ya mshahara inakoma na unahesabiwa kama aliyejiajiri. Utajaza maswali ya kupima uwezo wa kaya yako, kisha ulipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, isiyopungua 3,600. Itenge pesa hiyo kwenye malipo yako ya mwisho, kabla hujaanza kulipa madeni mengine.