Mkenya, Colorado, na timu isiyoweza kukimbia

Nikisema natoka Kenya, swali la pili huwa ni lile lile: na wewe unakimbia? Mimi, niliyekuwa nikichelewa gwaride la asubuhi Nakuru hata baada ya kukimbia! Sasa angalia Mungu alivyo na mzaha. Nimehamia Aurora, Colorado, na timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani inayopendwa huku, Colorado Buffaloes ya Boulder, ndiyo iliyokuwa ya mwisho Marekani kwa kukimbia na mpira, yaani kusonga mbele ukiubeba mikononi badala ya kuurusha. Mwaka 2023 ilipata wastani wa yadi 68.9 kwa mechi, ya 133 kati ya timu 133 za daraja la juu. Mwaka uliofuata ikashika mkia tena.

Aliyenifundisha mchezo huu ni mzee mmoja ninayemhudumia kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi zamu ya usiku. Namwita Mzee, na amelipenda jina hilo hadi anawasahihisha wauguzi wengine. Zamani alicheza safu ya mbele, wale watu watano wenye miili kama majokofu wanaomfungulia njia mbebaji wa mpira na kumlinda mrushaji, ila hawaruhusiwi hata kupokea pasi.

Nilimuuliza kwa nini wasitafute kijana mwenye mbio. Akacheka hadi akakohoa. "Binti yangu, mbio zote hizo atazipeleka wapi kama mbele ni ukuta?"

Nikaelewa nilipokumbuka mikokoteni ya sokoni kwetu. Mkokoteni wa viazi ukipanda kilima, nguvu peke yake haitoshi. Wasukumaji wakiwa wamezoeana, mmoja akiguna tu wote wanajua pa kuegemea. Waokote watano wasiojuana, hata wawe na misuli ya namna gani, mzigo utarudi nyuma. Safu ya mbele ni hivyo hivyo. Wawili wanamsukuma beki mmoja, kisha mmoja wao anamwachia mwenzake na kumwahi beki wa nyuma. Akichelewa sekunde moja, njia imeshafungwa na mbebaji yuko chini.

Na Boulder hawakuwa wamezoeana. Kocha Deion Sanders aliajiriwa Desemba 2022 akafagia nyumba nzima, akaleta wachezaji wapya zaidi ya 80. Warushaji na wapokeaji walielewana haraka, maana kazi yao inahitaji watu wawili. Ya safu ya mbele inahitaji watano wenye wazo moja. Tena kocha mwenyewe alijenga timu ya kurusha, akiwa na mwanawe Shedeur kama kwotabaki, yaani mrushaji mkuu wa mpira. Ukishajulikana kuwa hukimbii, wapinzani hawaogopi. Wanakimbilia mrushaji moja kwa moja.

Hapa Mzee alinionyesha jambo lililonichekesha. Kwenye mpira wa vyuo, kwotabaki akiangushwa kabla ya kurusha, yadi alizorudishwa nyuma zinatolewa kwenye hesabu ya kukimbia. Kwenye ligi ya kulipwa zinatolewa kwenye hesabu ya kurusha. Shedeur aliangushwa mara 52 msimu wa 2023. Kwa hiyo sehemu ya aibu ile ni madeni ya warushaji yaliyoandikwa kwenye daftari la wakimbiaji. Lakini Mzee hakukubali niwatetee sana: mlinzi anayeshindwa kumlinda mrushaji ndiye yule yule anayeshindwa kufungua njia.

Usiku ulioniuma ni wa Oktoba 13 mwaka huo, dhidi ya timu ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mechi ilianza saa mbili usiku, na kufikia mapumziko Colorado wanaongoza 29-0. Nikamwambia Mzee alale, imekwisha. Akakataa kuzima televisheni. Mpira ukirushwa ukaanguka chini, saa inasimama. Mbebaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kula dakika. Timu inayoongoza inakimbia ili kumaliza muda, na hawa hawakuwa na jinsi ya kuumaliza. Stanford wakarudi, wakashinda 46-43 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Mzee hakusema kitu. Alinipa rimoti tu.

Msimu wa 2024 walishinda mechi tisa bado wakiwa wa mwisho kwa kukimbia, jambo ambalo Mzee analichukulia kama tusi binafsi. Nilipomtajia mpokeaji wao Travis Hunter na tuzo yake ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akageukia dirishani.

Sasa, uwanja wao, Folsom Field, kila mwishoni mwa Mei ndipo zinapomalizikia mbio za kilomita 10 za BolderBoulder. Mwaka huu nilikwenda na wenzangu wa kanisani na bendera yetu. Mkenya alipoingia uwanjani, miguu haigusi chini, nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nikampigia Mzee video: "Umeona? Kumbe humu watu wanaweza kukimbia!"

Alitazama kidogo, akarekebisha miwani.

"Hakuna anayemzuia," akasema.