Simu sita, bei saba

Daftari la kikundi chetu lina ukurasa mmoja usio na hesabu za hisa wala marejesho. Kuna bei tu: 495,000, 479,000, 460,000, 432,000, 425,000, 398,000 na 365,000. Zote ni za Samsung Galaxy A15, na nilizikusanya ndani ya siku tisa, Agosti 2024. Mimi ndiye mhazini. Mhazini akirudi na bei asiyoweza kuieleza, kikao kinakesha.

Sisi tuko Morogoro. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshachukua simu ya mkopo, ile ya kutanguliza kidogo na kulipa kila siku. Alitanguliza 90,000, akawa analipa 1,500 kwa siku kwa mwaka mzima, na siku akichelewa simu inajifunga yenyewe, inabaki kama kioo cha kujitazamia. Nilimpigia hesabu mbele ya wote: 637,500. Mwenyewe alikuwa hajawahi kuijumlisha. Hapo wanachama sita waliokuwa wanaitaka simu hiyohiyo wakasema heri wakope kikundini, 450,000 kila mmoja, zinunuliwe taslimu kwa mkupuo. Nikakabidhiwa 2,700,000 na maneno mengi.

Nilianza na duka la hapa mjini, la jirani yangu kabisa. Bei 495,000. Nikamwambia, "Jirani, mbona umenikamua?" Hakukasirika. Alitoa simu mbili za aina hiyo kabatini, akasema ndizo zote alizonazo, anazifuata Kariakoo mbilimbili kwa sababu mtaji wake ndiyo huo, nauli anaigawa kwenye simu hizohizo mbili, na zinaweza kukaa mwezi mzima bila mteja. Zikikaa, toleo jipya likitoka, bei inashuka zikiwa bado mkononi mwake. Nilimwelewa. Ila kwa simu sita ningezidisha 270,000 juu ya tulichonacho, na kuelewa hakulipi deni.

Bei ya pili aliniletea mwenyekiti wetu, au tuseme kijana wa dada yake. Aliiona Instagram: A15, 365,000, "mpya full boksi". Wanachama wakachangamka, wengine wakaanza kugawana chenji ambayo haijapatikana. Nikapiga ile namba. Kijana wa upande wa pili alikuwa na adabu sana.

"RAM ngapi, mwanangu?"

"Nne, mama."

"Na boksi lina sili?"

"Limefunguliwa kukaguliwa tu, mama. Simu haijatumika."

"Duka liko wapi?"

"Ukituma hela tunakuwekea kwenye basi, mama, jioni unayo."

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kingenisumbua siku nzima Kariakoo kama nisingekijua mapema. Jina A15 si simu moja. Kuna ya 4G na kuna ya 5G, ukizitazama kwa macho ni mapacha, lakini ndani prosesa ni tofauti. Kisha kuna yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, yenye 6 na yenye 8, na hifadhi ya GB 128 au 256. Matangazo yanaandika "A15" basi, na anayelinganisha bei analinganisha embe na chungwa. Sisi tulitaka ya 4G, RAM 6 na hifadhi 128. Kuanzia hapo kila niliyemuuliza nilimtajia yote matatu kwa pumzi moja, na niliona wauzaji wakibadilisha hata namna ya kusimama.

Lile la boksi kufunguliwa nalo lina sababu zake, si lazima liwe wizi. Simu hutengenezwa kwa ajili ya masoko tofauti, na baadhi ya boksi za Samsung zina kibandiko kinachosema simu iwashwe kwanza kwa laini ya eneo fulani la dunia. Mfanyabiashara anayenunua Dubai au kwingineko ili auze mbali anaweza kulazimika kufungua boksi, kuweka laini ya huko na kuiwasha kwanza. Simu ni mpya kweli, ila sili imekufa, na waranti ya kiwanda inaweza kuwa imeanza kuhesabiwa kabla mteja hajaiona. Ndiyo maana inashuka bei. Shida ni kwamba simu iliyotumika miezi mitatu ikapanguswa vizuri nayo huja ikiwa na boksi lililofunguliwa, na mimi wa Morogoro nitazitofautisha vipi kwa kupokea kifurushi stendi ya basi?

Binti yangu anasoma Dar. Nilimtuma apite kwenye duka moja la simu ndani ya maduka makubwa ya kisasa. 479,000, RAM 6, waranti ya kiwanda, risiti, na bei imebandikwa. Aliomba apunguziwe kwa kuwa tunachukua sita. Muuzaji akacheka: yeye ni mwajiriwa, bei inatoka kwenye kompyuta, hana hata elfu tano ya kuisogeza. Kiyoyozi, vioo, mlinzi na pango la jengo kama lile vimo ndani ya ile 479,000.

Basi nikapanda treni ya umeme asubuhi, nauli 13,000, na kabla ya saa tano nilikuwa Mtaa wa Aggrey. Ukitoka nje ya mkoa, Kariakoo inakusoma kabla hujaisoma. Nadhani ni mkoba. Kijana alinidaka pembeni tu mwa barabara: "Mama angu, simu? Njoo nikupeleke kwa bosi wangu, bei ya jumla." Akanivusha barabara kwa heshima zote, tukaingia duka moja, akamkonyeza aliyekuwa kaunta na kutaja bei yeye mwenyewe: 460,000. Mwenye kaunta akanyamaza, anafuta kioo.

Nilisema nakwenda kula kwanza. Nikala kweli, wali na maharage. Nikabadili mtandio (ninao wa akiba siku zote, tusicheke), nikarudi dukani peke yangu. "A15, 4G, 6 kwa 128, shilingi ngapi?" Mwenye kaunta yuleyule, bila kupepesa: 425,000.

Ile 35,000 katikati ndiyo wanaiita cha juu. Yule kijana ni winga. Hana duka, hana mshahara. Dukani anapewa bei yake, na atakachoongeza juu ndicho chakula chake. Kwa simu zangu sita angeondoka na 210,000 kwa kunivusha barabara. Sikumchukia. Wengi wanaouza mitandaoni nao ni mawinga wa namna hiyo, tofauti ni kwamba hawakushiki mkono: mteja akituma hela ndipo wanapokimbilia dukani kuichukua. Kwa hiyo picha moja, simu moja, kabati moja, unaweza kuikuta kwenye kurasa nne kwa bei nne.

Simu za duka lile zilikuwa mzigo wa Dubai, waranti wiki moja ya duka, baada ya hapo "tutaelewana". Nikaandika, nikasonga.

Duka la mtaa wa nyuma lilinipa 398,000. Moyo uliruka. RAM 6, sili ipo. Nikauliza, "Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi?" Akanitazama kama nimemtajia msiba. "Na risiti ni 448, mama. Au nikuandikie ya laki na nusu, ufurahi."

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, wakati ule ilikuwa asilimia 18. Ukiipiga kwenye 398,000 ni 71,640, kwa hiyo mtu anayeuza bila kuitoa ana nafasi kubwa ya kumshinda bei anayeitoa, hata kama simu wamezitoa kwa msambazaji mmoja. Sheria inamtaka mnunuzi adai risiti ya kiasi halisi alicholipa. Mbali na sheria, mimi nina wanachama sita na daftari: risiti ya laki na nusu nikaieleze nini? Na simu ikiharibika, nitaenda kudai simu ya laki nne kwa karatasi ya laki na nusu? Kodi hii ina historia yake ndogo. Kwenye bajeti ya 2021/22 serikali iliisamehe VAT kwenye simu janja ili zishuke bei, na mwaka uliofuata msamaha ukafutwa. Mimi dukani kwa jirani sikuuona ulipokuja wala ulipoondoka.

Aliyetuuzia tulimpata ghorofa ya tatu, kwenye korido isiyo na dirisha, ngazi zinanuka rangi na viazi vya kukaanga. Dada mmoja, fremu ndogo, boksi zimepangwa mpaka darini. 440,000 na risiti, waranti ya kiwanda inayohudumiwa hapahapa nchini. Kwa sita akashusha hadi 432,000. Nilimuuliza anawezaje, na kwa kuwa mchana ule wateja walikuwa wachache alinieleza mpaka nikaomba kiti.

Alisema fremu ya chini barabarani, mbali na kodi ya pango, inaombwa kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu, cha kutisha kabla hujaweka hata kabati. Yeye kapanda juu, wateja wake ni wenye maduka ya mikoani, hawahitaji kumwona wakipita. Simu mpya faida yake ni ndogo, anaongeza elfu kumi au ishirini na kuzungusha haraka. Wanaokula vizuri, alisema, ni wauza kava. Kisha dola. Mzigo wake aliuagiza mwanzoni mwa mwaka, dola ikiwa kama 2,500. Siku ile ilikuwa inagonga 2,700. Jirani yake wa korido alikuwa na mzigo wa wiki iliyopita, simu ileile, na hakuweza kushuka chini ya 450,000 bila kula mtaji. "Mama, mteja anadhani yule ni mroho na mimi ni mwema," aliniambia. "Mwezi ujao mimi ndiye nitakuwa mroho."

Tofauti ya 7,000 kati yake na lile duka la winga nikaiona ni ndogo kwa risiti na waranti. Ila tulikuwa na kazi. Kila simu tuliifungua, tukabonyeza *#06#, IMEI inayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, nikailinganisha na ya kwenye boksi, kisha nikaituma kwenda 15090, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inayokurudishia aina ya simu. Waliokuwa na simu Juni 2016, feki zilipozimwa usiku mmoja, hawaoni hilo ni usumbufu. Simu ya nne namba haikulingana na boksi. Nilihisi baridi mgongoni. Dada akazihesabu upya, kumbe ya tatu na ya nne tulizibadilishia maboksi sisi wenyewe tukipiga soga. Nilidai pia kila IMEI iandikwe kwenye karatasi ya waranti, akaandika zote sita huku akiguna.

Nikalipa kwa lipa namba: 2,592,000. Katika 108,000 iliyobaki, nauli ya kwenda na kurudi 26,000, chakula na bajaji 12,000, kava na protekta za simu sita 48,000 baada ya kubishana. Chenji 22,000 nikairudisha kwenye sanduku.

Kikao kilikuwa kirefu hata hivyo. Mwenyekiti alishika risiti, akauliza kwa upole wake ule wa hatari: "Mhazini, 432 na 365, hiyo 67 imekwenda wapi?" Nikafungua ukurasa. RAM, nikasema. Sili. Waranti. Kodi. Nikawasomea na habari za winga, wakacheka zaidi kwenye mtandio kuliko kwenye hesabu. Simu moja ilianza kugoma kuchaji mwezi wa pili, tukaituma na karatasi yake, ikarudi imetengenezwa bila kutoa senti, nikadhani sasa mjadala umefungwa.

Haujafungwa. Kijana wa dada yake mwenyekiti aliinunua ile ya 365,000. Alituma hela kwa mtu asiyemjua, ikaja kwa basi, boksi limefunguliwa, RAM 4. Inapiga kazi mpaka leo, haijawahi hata kuganda, na kila tukikutana mwenyekiti huiweka mezani, uso juu, mbele yangu.