Siku yangu ya kusaka fuwele

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai nafungua kompyuta. Jana usiku nilituma hesabu 40 za kukadiria tabia za fuwele kwenye kompyuta kubwa ya mbali, 31 zimekwisha. Kisha feri ya Likoni, nimesimama.

Saa 2. Mama anayeniuzia mahamri na mbaazi huniuliza kila siku, "Mwanangu, umelipata hilo jiwe?" Mtaani nako huniletea simu mbovu, maana wanajua "nafanya kompyuta". Kumbe nasaka fuwele zenye upande wa chaji chanya na upande wa chaji hasi. Ukizitia volti pande hubadilishana, na ukizima hubaki vilevile. Ndizo feroelektriki. Kwenye bariamu titaneti, chini ya nyuzi 120 hivi, atomu ya titani husogea kidogo tu kutoka katikati, na huko kusogea ndiko kazi yangu yote.

Hadi saa 6 nachuja Materials Project, hifadhidata ya mtandaoni yenye hesabu za fuwele nyingi. Kati ya makundi 32 ya simetria ya fuwele, ni 10 tu yanayoruhusu tabia hii. Natupa, natupa tena. Zenye madini ya risasi natupa pia, ingawa mashine za kuangalia watoto tumboni hutegemea seramiki zenye risasi. Mombasa tumeyaona ya Owino Uhuru, watoto wakiumwa kwa risasi ya kiwanda cha betri. Sitaki kuongeza nyingine.

Saa 7 nikaingia kwenye oksidi yenye chuma niliyoiunda mwenyewe kwa kubadilisha atomu, na hapo siku ikanimeza. Chuma huleta usumaku. Usumaku na feroelektriki zikikaa pamoja unapata multiferoiki, nazo ni adimu: atomu ya kusogea, kama titani, hutaka tabaka lake la d, moja ya tabaka za elektroni, liwe tupu, usumaku hutaka tabaka hilohilo liwe na elektroni. Bisimathi feraiti hupita kwa kugawana kazi, bisimathi isogee, chuma kishike usumaku. Nami nilitumaini hivyo.

Hesabu ikakataa kutulia. Nishati inapanda, inashuka. Stima ikapotea, intaneti ikaenda nayo. Iliporudi nikapanga upya sumaku za atomu, zote juu, kisha moja juu moja chini, kisha safu kwa safu, na kila mpangilio ni hesabu yake. Magharibi iliadhiniwa nikiwa palepale. Mwishowe ikatulia: hakuna pengo la nishati, lile linalozuia elektroni kutembea ovyo. Ni metali. Umeme unapita tu, volti haigeuzi chochote.

Nilikaa kimya. Lakini njia hii ya kuhesabu hupunja pengo, hasa penye chuma. Nikaongeza sahihisho la U, namba ya nishati inayozibana elektroni za d zikae kwenye atomu zao, elektronivolti 4, pengo likafunguka. Je, ni pengo la fuwele, au la namba niliyoiandika mimi? Sitaandika jibu nisilolijua. Nikatuma U ya 2, ya 3 na ya 5.

Kwenye feri ya usiku nachungulia simu. Ya 2 imeanza, mbili zimo foleni.