Baba mdogo alisema maktaba zinakufa

"Unaenda Bagamoyo kusomea kupanga vitabu?" Baba mdogo hakuwa anauliza, alikuwa anacheka. Yeye alitaka nisome uhasibu, maana kila kitu siku hizi kiko kwenye simu. Huu ni mwaka wa sita natunza maktaba ya chuo kimoja kidogo Kanda ya Kati, na simu hizo hizo ndizo zinazonijazia viti.

Nilikuta vitabu kama elfu tatu na daftari la kuazimisha lililong'oka kurasa. Nikaweka Koha, programu ya bure ya kuendeshea maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, kwenye kompyuta iliyotupwa stoo. Hilo halikunisumbua.

Kilichoniumbua ni lebo za bakodi, ile mistari ya kuskani kitabu kinapoazimwa. Zenye gundi yake niliziona ghali, nikajifanya mjanja: nikachapa karatasi za kawaida, nikapika uji mzito wa unga wa ngano, nikabandika. Wiki mbili, vitabu mia nane, na picha nikapiga. Likizo ya Desemba nikafunga mlango, nikaenda kwetu. Kurudi Januari, mende wamekula lebo, wameendelea na majalada ya kamusi pale uji ulipochuruzika. Mama wa usafi akaniangalia kwa huruma: "Mwalimu, ulitia na sukari?" Mpaka leo kuna wanaoniita Mzee wa Uji. Lebo za gundi nikazinunua kidogo kidogo, laki na ushee.

Wanafunzi nao walikuwa wanakuja msimu wa mitihani tu. Nikafufua ruta ya zamani, kile kifaa cha kurusha Wi-Fi, nikapakua Wikipedia kupitia Kiwix, ile inayosomeka bila intaneti, nikaongeza mitihani ya nyuma. Ukiwa ndani unasoma bila bando. Wajanja wakakaa nje chini ya dirisha! Nikapunguza nguvu ya ruta, nikaihamishia kona ya mbali kabisa, kwenye rafu ya 896.392. Hiyo ndiyo namba ambayo Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, umewarundikia Waswahili wote, riwaya, tamthilia na tenzi, wakati Waingereza wanajinyoosha kuanzia 820 mpaka 829. Basi anayesubiri simu ya mwenzake ichaji, mkono unamponyoka, anavuta riwaya. Siku hizi rafu hiyo ndiyo inayoazimwa kuliko zote, na baadhi ya nakala nimeshazishona mgongo mara mbili.

Juzi nimeomba viti ishirini, maana wengine wanakaa sakafuni. Mhasibu akasema bajeti ya maktaba haina haja, kila kitu kiko kwenye simu.